Mwalimu Aliyepima Miji kwa Chumvi

Mwalimu hakuniuliza kwetu ni wapi wala naishi na nani. Aliniuliza, "Chumvi ikikuishia sasa hivi, na sufuria iko motoni, unafanyaje?"

Tulikuwa tumesimama na vikombe vya chai kwenye ukumbi wa kanisa, baada ya ibada ya Kiswahili, na mimi nilikuwa mgeni Birmingham, Uingereza, miezi minne tu. Nikamwambia nazima jiko, nachukua ufunguo wa gari, naenda supamaketi. Dakika kumi na tano hivi, nikikosa foleni.

"Basi huishi mjini," alisema. "Unalala karibu na mji."

Nilikasirika. Nilikuwa nimetoka zamu moja kwa moja, miguu inaniwaka, na mzee nisiyemjua, mwenye tai ya kahawia na sweta iliyofumwa kwa mkono, ananiambia siishi mjini. Lakini swali lake lilinifuata hadi nyumbani, kwenye ile fleti ya pembezoni ambako nilikuwa nakaa siku mbili za mapumziko bila kusikia sauti ya mtu. Kabla mwaka haujaisha nilihamia Handsworth, nyumba ya matofali mekundu iliyobanwa na nyingine kulia na kushoto, mitaa mitatu kutoka alipokaa yeye na bintiye. Kwa hiyo ninapomsimulia, namsimulia mtu aliyenitoa mahali pabaya akaniweka mahali pazuri. Zamu yangu ya kumfanyia hivyo ilipofika, sikufanya.

Sote tulimwita Mwalimu. Alikuwa amefundisha jiografia Kenya mpaka akastaafu, na hadi uzeeni alisugua kidole gumba na cha shahada kila alipowaza, kana kwamba bado ana vumbi la chaki. Mkewe alipofariki, watoto waliokuwa ng'ambo waliamua asikae peke yake. Walikuwa watano, wanne Marekani na mmoja hapa, kwa hiyo kwa miaka minane alikaa kwa huyu, akakaa kwa yule. "Mimi ni kijiti cha mbio," alisema. "Kila mmoja anakimbia nami kidogo, kisha anampa mwenzake." Alicheka aliposema hivyo. Sisi tulicheka naye, na sasa naona hatukupaswa.

Ni huko Marekani alikopata somo lake, na somo lenyewe lilikuwa moja tu: ni kitu gani kinachoufanya mtaa uwe mji kweli? Alituchorea kwa kalamu nyuma ya karatasi ya matangazo ya ibada, mistari na visanduku, huku mchungaji akimtazama kwa jicho baya.

Boston, alisema, mji unaupata ukifungua mlango tu. Nyumba ni za mbao, ghorofa tatu, familia juu ya familia, na chini kabisa duka au dobi. Hawakusalimii, lakini wanakujua. Theluji ikianguka, mtu akishafukua mahali pa kuegesha gari lake huacha kiti kibovu pale kulinda nafasi, na ole wake atakayekisogeza. Mwalimu alikipenda sana kiti hicho. Alisema watu wakigombana hivyo, bila polisi na bila karatasi, ujue wameishi pamoja.

Chicago ilimchanganya. Alifika akaona nyumba zimeachana, kila moja na kibustani chake, akamwambia mwanawe, "Mbona umenileta kijijini?" Kisha akaanza kutembea. Barabara zimenyooka kama mistari ya daftari, na kila baada ya dakika chache unakuta kona, na kwenye kona kuna basi, kinyozi, kanisa dogo, mtu anauza tamale, unga wa mahindi uliofungwa kwenye maganda, kwenye ndoo. Alitembea saa nzima asifike mwisho. Hapo ndipo alipojifunza kwamba nyumba si lazima zigusane ili pawe mji, mradi kona zisiishe.

Los Angeles alikaa miezi sita. Wenyeji wenyewe humwambia mgeni kwamba pale si mji, ni barabara kuu zilizofungwa pamoja. Mwalimu alikataa. "Ule ni mji uliolala chali," alisema. Usiutafute juu, utafute kwenye viwanja vya kuegesha magari. Katika uwanja mmoja usio na sura aliwahi kuhesabu mng'oa meno, mashine za kufulia, Mkorea anayeuza donati, na kanisa la watu wa El Salvador ndani ya lililokuwa duka la matairi. Vibao vya lugha nne vimepangwa kwenye nguzo moja. Akaniambia mtu anayepita kwa gari kwa mwendo wa kasi hawezi kuona mji huo hata akiishi humo miaka ishirini.

Kusini hakupenda kukusimulia mpaka akuzoee. Kwa mwanawe wa kwanza, nje ya Atlanta, nyumba ilikuwa kubwa kuliko shule aliyofundisha. Miti mizuri, ndege wengi. Siku moja akatoka kwenda dukani. Duka lilionekana kwa macho, ng'ambo ya barabara yenye njia sita, na upande wake njia ya miguu iliishia ghafla kwenye majani. Akaendelea majanini, na tai yake. Gari la polisi likasimama. Yule askari alikuwa mpole, alimwita "sir", akamuuliza kama amepotea, akamrudisha nyumbani kwenye kiti cha nyuma. Mkwewe alilia kwa aibu, maana majirani, ambao hawakuwahi kutoka nje kumsalimia, siku hiyo walitoka.

"Nilikuwa sijapotea," aliniambia. "Duka nililiona."

Hata hivyo, kwa haki yake, hakuilaani Kusini. Kanisani kule alijuana na wazee Weusi waliompeleka mtaa wao wa zamani, nyumba za chini zenye baraza mbele, na watu wamekaa barazani wakimwita kila anayepita kwa sauti. Njia za miguu zilikuwa mbovu vilevile. Lakini hukuweza kupita bila kuitwa. Akarekebisha somo lake tena: Boston mji ni ngazi za mlango, Chicago ni kona, Los Angeles ni ule uwanja wa magari, Kusini ni kuitwa. Nikamwambia, "Sasa Mwalimu, kipimo ni kipi?" Akasugua vidole. "Hakuna kipimo kimoja," akasema, kisha papo hapo akamgeukia mgeni mwingine na kumuuliza habari za chumvi.

Birmingham aliigawa mtaa kwa mtaa kama anayesahihisha mitihani. Harborne aliipa alama nzuri lakini akasema ni mji uliovaa tai, na ukikohoa mgahawani watu wanageuka. Selly Oak alisema ni mji wa mwaka mmoja mmoja: wanafunzi wanahama kila kiangazi na magodoro yanabaki barabarani, hakuna anayekaa mpaka ajue jirani yake anapika nini. Alama zote alizitia Handsworth. Alisema vitu vyote vinne alivyoviona Marekani vimekutana Soho Road, barabara yake ya maduka, bila mtu kuvialika.

Na hapo Soho Road ndipo ungemjua. Kila asubuhi saa nne, kiangazi au baridi, alitoka na kofia kununua kitunguu kimoja. Si kilo, kimoja. Kesho yake nyanya mbili. Kesho kutwa rundo la dania. Bintiye, ambaye ni muuguzi na hana muda wa mchezo, alikuwa na friji iliyojaa, akamwambia mara elfu, "Dad, vitunguu ziko! Zinaoza!" Mwalimu alimwitikia vizuri na akaenda kununua kingine. Nilimuuliza kwa nini. Akasema mtu akinunua gunia, atarudi lini? Mwenye duka la mboga, Mpunjabi mwenye ndevu nyeupe, alimchagulia kile kitunguu kwa makini kabisa, akakifunga kwenye karatasi kana kwamba ni pete.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Mtu huyu aliyesifu watu kubanana hakuvumilia kelele hata kidogo. Vijana wa nyumba ya nyuma wakifungua muziki alifunga madirisha na kulalamika siku tatu. Alihubiri baraza, lakini hakuna mtu aliyewahi kuvuka kizingiti chake; alikupokea langoni, akakusindikiza kutoka langoni. Akimwona Mkenya mwenzake kwa mbali Soho Road alivuka barabara ili asiulizwe atarudi nyumbani lini. Na kwa miaka mitatu mizima hakumjua jirani yake.

Jirani huyo alikuwa mama wa Kisikh, mjane, pengine wa umri wake. Ua wa nyuma wa nyumba zao ulitenganishwa na ukuta mfupi wa matofali, wa kufika kifuani. Miaka mitatu walisalimiana kwa Kiingereza, "Good morning, madam," "Good morning," na kila mtu akarudi ndani. Siku moja, baada ya upepo mkali, Mwalimu alikuta mapipa yake ya taka yameangushwa, akaanza kung'aka kwa Kiswahili, akiwatukana wezi wa mapipa na mama zao.

Sauti ikatoka ng'ambo ya ukuta. "Hakuna mwizi, mzee. Ni upepo. Na hao mama zao wamekukosea nini?"

Alizaliwa Kisumu. Baba yake alikuwa fundi wa reli. Aliondoka msichana wa miaka kumi na tisa na Kiswahili chake kilikuwa bado na joto la soko la kule. Mwalimu alinisimulia siku ile akiwa ameshika kifuniko cha pipa ambacho alisahau kukirudisha, na nilimwona amekuwa mwekundu wa macho. "Miaka mitatu," alisema. "Mimi, mwenye kufundisha watu mji ni nini."

Tangu hapo kila jioni saa kumi walisimama ukutani, kila mtu upande wake. Mimi nilimwita Mama wa Kisumu. Nilipopita kumwona Mwalimu nilielekezwa ua wa nyuma kwa kichochoro cha pembeni, nikawakuta wakibishana: kama samaki wa ziwa anatiwa nazi, au ni duka gani lilikuwa kona ya barabara fulani ambayo siku hizi ina jina lingine. Mama alimtania Mwalimu bila huruma. "Huyu amezunguka Amerika yote kutafuta jirani," aliniambia, "na mimi niko hapa naanika nguo." Mwalimu hakuingia kwake hata mara moja, wala yeye hakuingia kwa Mwalimu. Chai ilipitishwa juu ya ukuta. Hawakupeana namba za simu. Nani humpa namba mtu wa ukutani? Ukimtaka, unatoka nje.

Kisha mjukuu wake, mtoto wa bintiye huyo, akazidiwa na pumu. Nyumba ile ilikuwa na unyevu kwenye kuta tangu zamani, na daktari akasema wazi kwamba mtoto hawezi kuendelea kulala mle. Nataka hili lieleweke: bintiye Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alipata nyumba mpya, kavu, kwenye makazi mapya yaliyojengwa nje kabisa ya jiji, yaliyokuwa mashamba juzi. "Ako na room yake downstairs, na bafu yake mwenyewe," aliniambia, akihesabu kwa vidole. "Garden iko. Parking iko. Aunty, nifanye nini tena? Nimchague yeye ama mtoto?" Na mimi nilikuwa na chumba kitupu.

Mwalimu alikuja kwangu Jumamosi moja asubuhi. Hakuwahi kuja. Nilimfungulia nikamkuta ngazini amevua kofia, tai imekazwa. Alikataa kuingia.

"Kile chumba chako cha nyuma," alisema, "kina mtu?"

Kilikuwa na ubao wa kupigia pasi na masanduku mawili. Alikijua vizuri, mimi mwenyewe nilimwambia ni kitupu.

"Mimi sisumbui," akasema. "Najipikia. Najifulia. Na asubuhi huwa sipo."

Nifanyie haki msomaji, usinihukumu haraka, ingawa mimi nimejihukumu. Kazi yangu ni kutunza wazee. Asubuhi ya jana yake nilikuwa nimeosha sita, nimewavisha, nimewalisha, mmoja amenitemea uji usoni. Nilimtazama Mwalimu pale ngazini nikaona miaka mitano mbele: magoti yake, kibofu chake, mimi nikitoka kazini kuja kazini. Nikaona pia bintiye akiniuliza mbele ya kanisa zima kama nimemnyang'anya baba.

Nikamwambia, "Tutaona, Mwalimu."

Kila Mkenya anajua tutaona ni nini. Alirudisha kofia kichwani. "Sawa, mwanangu," akasema. "Tutaona." Akanishukuru. Nilimsindikiza kwa macho hadi kona, na niliporudi ndani niliendelea kupiga pasi.

Makazi yale mapya hayana kona. Barabara zake zimepindwapindwa kwa makusudi, ili zipendeze, na kila moja inaishia kwenye duara inayokurudisha ulikotoka. Nyumba ni sura moja, milango ni ya kijivu. Duka liko, maili mbili, kando ya kituo cha mafuta. Basi linapita mara moja kwa saa na halipiti Jumapili. Wiki ya kwanza Mwalimu alitoka saa nne kama kawaida yake na kofia. Alizunguka. Alipochoka aliirudia nyumba, akatia ufunguo mlangoni, ukakataa. Akajaribu tena. Ilikuwa nyumba ya watu wengine.

Mwenye nyumba hakutoka. Alimpiga picha kwa kamera ya mlangoni akaituma kwenye kundi la simu la wakazi: kuna mzee anajaribu milango, mwenye kumjua? Bintiye aliiona akiwa wodini, katikati ya zamu. Ikabidi aandike mbele ya watu mia na zaidi asiowajua kwamba huyo ni baba yake. Wakajibu kwa upole sana, wakaweka mioyo mingi myekundu. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kubisha mlango kumwona. Mwalimu alipoonyeshwa ile picha aliitazama muda mrefu, akasema tai ilikuwa imepinda. Hakutoka tena.

Nilimtembelea mara mbili tu katika mwaka ule, bintiye akinifungulia mlango. Mara zote mbili aliniuliza swali moja: "Mama wa Kisumu hajambo?" Akanituma salamu. Zingine nilizifikisha, zingine nilisahau. Mama wa Kisumu naye akiniona Soho Road alishika mkono wangu. "Mwalimu anasemaje? Amepata ukuta huko?" Nilisema nitawaunganisha kwa simu, ni jambo la dakika moja. Nilikuwa na namba ya bintiye. Nilisema wiki hii. Nikasema mwezi huu.

Nilipita mtaa wao siku moja nikakuta gari kubwa la taka mbele ya nyumba ya Mama wa Kisumu, na mwanawe, aliyetoka mji mwingine, akitoa makabati. Mama alikuwa amefariki. Moyo, akiwa jikoni. Walikwishamchoma, na gurdwara, hekalu lao, ikamsomea. Nikatoa pole, nikaondoka nikijua ni nani anayepaswa kuambiwa na ni nani wa kumwambia. Kisha nikaingia zamu, na zamu nyingine, na nikachelewa wiki tatu.

Nilifika kwa Mwalimu Jumanne mchana. Bintiye alikuwa kazini, mjukuu shuleni. Mwalimu alinifungulia kwa shida. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinikaribisha ndani yeye mwenyewe; huko hakukuwa na lango la kusimamia. Alikuwa amevaa sweta bila tai. Sebule ilikuwa na joto na harufu ya zulia jipya, televisheni imewashwa bila sauti. Hakusugua vidole. Nilikaa nikamwambia.

Alizima televisheni.

"Lini?" aliuliza.

"Wiki tatu sasa, Mwalimu."

"Wiki tatu." Alitazama dirishani, ambako hakukuwa na mtu. "Na mimi nilikuwa nakula. Jana nilicheka kitu kwenye televisheni."

Nilianza kulia. Nilimwambia ni kosa langu, zile salamu, ile simu. Aliniambia ninyamaze, mtu hafi kwa kukosa salamu. Hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana. Nikasema nililokuwa nimelibeba njia nzima, haraka, nisije nikarudi nyuma: kwamba nimetoa masanduku, nimeingiza kitanda, dirisha la chumba linaangalia barabara, nitaongea na bintiye mwenyewe leo hii, aje tu, aje hata kesho.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kama mwalimu anayemwacha mwanafunzi amalize jibu lisilo sahihi.

"Asante, mwanangu," akasema. "Nije kwa nani?"

Nilitaka kusema, kwangu. Lakini kwangu alikuwa ameshakuja, Jumamosi ile.